Mia Moja Arobaini Mkwaju Tisini

Maneno haya, juu ya simu na kompyuta zinazosoma maandishi kwa sauti, niliyasema mbele ya walimu, masheha na waandishi wa habari, katika ukumbi wa skuli moja hapa Chake Chake. Walionitaka niyaandike ni wale ambao bahari ama msiba viliwazuia kufika. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani sikuwa nazo hata siku ile.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu mwenyekiti, masheikh wetu, masheha, walimu wenzangu mlio kazini na sie tuliokwisha kustaafu, mabibi na mabwana, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka: nakusalimuni nyote.

Nianze na karafuu. Pemba ukianza na karafuu hukosei.

Msimu uliopita, jioni moja, kina mama saba walikaa barazani kwangu, Wete, wanachambua karafuu. Kazi hiyo mnaijua. Mkono mmoja unashika kishada, wa pili unakwanyua, karafuu huku, makonyo huku, na vidole vinageuka rangi. Mikono ina kazi, macho yana kazi nusu, masikio hayana kazi kabisa. Zamani masikio hayo tukiyapa redio, na redio ikikosa betri tukiyapa umbea. Safari hii mjukuu wangu wa kike akatoa simu, akafungua ukurasa wa intaneti unaoeleza maradhi ya presha, akaiamuru simu isome. Kisha akaitia ndani ya pishi tupu ya bati, sauti ikatoka nene kama ya mpiga mbiu.

Ikasoma vizuri, wallahi. Ikaeleza chumvi, ikaeleza mafuta, ikaeleza kwamba dawa haziachwi njiani kwa kuwa umejihisi mzima. Halafu ikafika mahali palipoandikwa 140/90. Nyie mngesomaje hapo? "Mia moja arobaini kwa tisini", au "juu ya tisini", kama wanavyosema madaktari. Simu ikasema: "Mia moja arobaini mkwaju tisini."

Mikono yote kumi na minne ikasimama.

"Mkwaju?" akauliza jirani yetu mmoja. "Imesema mkwaju?"

"Imesema mkwaju."

"Basi ndiyo dawa yenyewe! Mie nilisema zamani, hamkunisikia."

Tulibishana mpaka adhana ya Isha kama hiyo tisini ni kokwa tisini ama vikombe tisini. Asubuhi yake nikakuta uani ndoo ya ukwaju uliorowekwa, na watoto wamekatazwa kuigusa kwa sababu ni dawa ya bibi.

Mnacheka. Na mie nilicheka. Lakini niambieni, nani alikosea pale? Simu? Ule mstari wa kuinama, kwa Kiswahili cha wachapaji, jina lake ni mkwaju. Simu imeona mkwaju, imesema mkwaju. Jirani yetu? Yeye kasikia mkwaju, karoweka ukwaju. Hakuna mwanafunzi mtiifu kuliko huyo. Aliyekosea ni aliyeandika, maana aliandika kwa ajili ya jicho, akasahau kwamba kuna sikio. Na aliyeandika ni nani? Ni sie. Ni mimi mwalimu, ni wewe mwandishi wa habari, ni wewe sheha unayetoa tangazo.

Hilo tu ndilo nililolibeba kutoka Wete mpaka hapa. Mashine inasoma tulichoandika. Haisomi tulichokusudia.

Sasa mtaniuliza, mzee huyu wa Kiswahili na chaki, mambo haya ya simu kusema yamempatia wapi? Yamenipatia machoni. Nina presha ya macho, ile wanayoiita glakoma. Maradhi hayo hayapigi hodi. Huanza kula pembeni, katikati unaona sawasawa, unajidanganya kwamba u mzima, mpaka siku unagonga fremu ya mlango wa nyumba uliyozaliwa ndani yake. Kilicholiwa hakirudi. Dawa inazuia tu kisiliwe kingine. Kwa hiyo nendeni mkapimwe, khasa wenye wazazi waliopata. Nimechepuka kidogo, mtanisamehe, lakini hilo nisingeweza kulipita kimya.

Basi herufi ndogo za simu zikaanza kunikimbia. Nilikuwa mtu wa kusoma magazeti kila asubuhi, nikawa mtu wa kuomba kusomewa. Na kuomba kusomewa, ndugu zangu, ni kazi nzito. Mwanangu ananisomea huku anaruka mistari, mimi najua kwamba anaruka, yeye anajua kwamba najua. Siku mjukuu aliponionesha kwamba simu yenyewe inaweza kusoma, haichoki, hairuki, haina mchumba wa kumkimbilia, nilikaa nayo mpaka usiku wa manane.

Lakini niliona haya. Nawaambieni ukweli, niliona haya. Nilijiona nimeiba. Mwalimu mzima wa lugha, miaka thelathini na kitu nimewaambia watoto "someni, someni", leo mwenyewe sisomi, nasikiliza. Na wapo wenzangu humu, nawajua, wanaosema kwamba kusikiliza si kusoma, ni uvivu uliovalishwa kanzu.

Niwaulize. Kusikiliza si elimu? Hapa? Katika visiwa hivi?

Kwenye chuo cha Kurani ulianza na nini, mwenzangu? Ulianza na sikio. Mwalimu kasoma, wewe umeitikia. Kakurejesha, umeitikia tena. Jicho lilikuja nyuma. Na barazani je? Mimi nilikuwa mtoto, gazeti linakuja moja, wenye kulitaka wazee kumi na wawili. Ami yangu ndiye aliyekuwa na miwani, ndiye msomaji. Wazee wale kumi na wawili walilijua gazeti lile mpaka matangazo ya vifo, na kesho yake wakabishana nalo kifungu kwa kifungu. Walikuwa hawakusoma?

Nitawapa mtu mkubwa kuliko ami yangu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba kule Unguja. Hakupata kusomeshwa kusoma na kuandika. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, akaimba mbele ya mashine, sauti ikatiwa kwenye santuri, na santuri zikarudi pwani hii zinasema Kiswahili. Watu walikusanyika kusikiliza kitu kisicho na mdomo kinaimba lugha yao. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Mwaka huohuo, 1928, Mombasa, katika mkutano uliojadili Kiswahili kipi kiwe sanifu, kilichochaguliwa kuwa msingi ni Kiunguja. Mwaka mmoja! Mombasa lugha ya visiwa hivi inatiwa kwenye karatasi, Bombay inatiwa kwenye mashine. Jicho likapewa chake, sikio likapewa chake. Sie walimu tukalishika la jicho tukalikuza, la sikio tukawaachia wapiga taarabu.

Kwa hiyo haya yangu yaliniisha. Sikumwibia mtu. Mtoto anayejifunza kusoma namtaka aendelee kuangaza macho kwenye kitabu, hilo sitalegeza. Simu isome na yeye afuate kwa kidole, maneno yatamwingia mara mbili. Na yule ambaye herufi zinamchezea kichwani, tunamwita mzito kumbe ana akili timamu, mpeni sikio muone. Lakini mtu mzima mwenye mikono kwenye karafuu, au kwenye ukili, au aliyeinama kwenye maji ya Tumbe anafunga mwani, kwa nini asisome kwa masikio?

Sasa mashine hii inasemaje? Wengine mnadhani kuna mtu. Bi mkubwa mmoja aliniuliza, "Na huyu mwanamke wa kwenye simu, analala saa ngapi?"

Hakuna mtu. Kwanza mashine inatoa maandishi kwenye ukurasa, inajitahidi kuacha matangazo na vibonyezo. Pili inageuza tarakimu na vifupisho kuwa maneno, na hapo ndipo mkwaju ulipozaliwa. Tatu inageuza maneno kuwa sauti, ipandishe wapi, ivute wapi, ipumue wapi. Basi.

Kutaka kuisemesha mashine si jambo la jana. Wolfgang von Kempelen, mtu wa Hungaria, alichapisha kitabu mwaka 1791 kueleza mashine yake yenye mvukuto kama wa mhunzi kwa mapafu, na ulimi wa kutetemeka kama wa zumari. Mwaka 1939 Wamarekani wakaonesha New York chombo cha umeme kinachosema, lakini ilibidi binti akae akibonyeze kama mpiga kinanda. Miaka ikapita, kompyuta ikaja, kazi ya binti ikafanywa na kanuni.

Hapa nataka kutua kwa mtu mmoja. Dennis Klatt, mtafiti wa chuo cha MIT kule Marekani. Bwana huyu alitumia maisha yake kuchunguza sauti ya mwanadamu inavyojengwa, na alipotaka mfano wa sauti ya kiume akajichukua mwenyewe. Sauti yake ikawa ndani ya mashine iliyotoka katikati ya miaka ya 1980. Wakati huohuo, mwaka 1985, Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliugua mapafu, akatobolewa koo ili apate kupumua, asiseme tena. Sauti mliyomsikia nayo kwenye televisheni miaka yote ile, ile ya bati bati, asili yake ni kazi ya Klatt. Baadaye sauti laini zaidi zilipatikana, Hawking akazikataa. Akasema ile ndiyo sauti yake. Na Klatt mwenyewe? Klatt alipata saratani. Sauti yake ikakwaruza, ikafifia, na mwaka 1988 akafariki. Mtu kafa, sauti yake imebaki inasema kwa kinywa cha mwengine kwa miaka thelathini. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza nilizima simu, nikakaa kimya kwanza.

Lakini sauti peke yake haitoshi kwa asiyeona kabisa. Mimi bado naona katikati, nabonyeza "soma", inasoma. Asiyeona anahitaji programu ya kumwambia yuko wapi kwenye skrini, hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kiungo, hiki ni kisanduku cha kuandika jina. Ipo moja maarufu sana inaitwa JAWS. Naam, JAWS, kama Jaws Corner ya Mji Mkongwe, pale pa kahawa na siasa, hazijuani. Hiyo ni ya kununua, na bei yake si ya mwalimu. Basi vijana wawili wa Australia, wote wawili hawaoni, Michael Curran na James Teh, walikutana utotoni kwenye kambi ya muziki. Curran akaanza mwaka 2006 kuandika programu kama hiyo itakayotolewa bure, mwenzake akajiunga naye. Inaitwa NVDA. Mpaka leo ni bure. Kompyuta za Windows za skuli zetu, zisizo za kale sana, zinaweza kutiwa, na sauti ndogo inayokuja nayo inajua Kiswahili bila ya intaneti. Sauti hiyo si nzuri, sitawadanganya. Inasema kama mtu aliyetia kichwa ndani ya mtungi. Lakini inasema.

Nzuri zipo. Ukifungua Edge, programu ya kusomea kurasa za intaneti, kwenye kompyuta, ukabonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja, ukurasa unasomwa, na kwenye orodha ya sauti utawakuta Watanzania wawili, Daudi na Rehema, na Wakenya wawili, Rafiki na Zuri. Hizi ndizo za siku hizi, zilizofundishwa kwa sauti za watu mpaka zikajua kuvuta pumzi. Zinataka intaneti wakati wote, kwa hiyo bando lako lijue. Lakini sauti ni nyepesi kuliko video. Bando linalomalizwa na video moja ya harusi litakusomea kurasa nyingi.

Mimi namsikiliza Rehema. Mke wangu analijua hilo.

Rehema ni hodari, na Kiswahili chenyewe kimemsaidia. Kiingereza kinawatesa wenye mashine, herufi hizihizi leo zinasomwa hivi kesho vile. Kiswahili irabu tano, kila moja na sauti yake, na mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho. Mashine inataka nini zaidi? Ila mwambieni asome: "Alipita barabara ya Wete akafika barabara." Nyie mmesikia tofauti nilivyosema. Ya kwanza ni njia, ya pili ni sawasawa, na mkazo umeruka nyuma. Mashine yangu inazisoma zote mbili kama lami. Na walakini? "Nyumba nzuri, walakini ina walakini." Jaribuni wenyewe mkifika nyumbani.

Hayo ni madogo, yatarekebishwa. Kubwa ni hili. Siku moja nilifungua ukurasa wa taasisi moja ya hapahapa kwetu, sitaitaja. Umeandikwa Kiswahili safi, nadhani na mmoja wa wanafunzi wangu. Nikabonyeza. Kikatoka kitu sijapata kukisikia. "Waa-nan-chai woote wa em-koa..." Nikadhani mtalii kashuka boti akapewa tangazo la sheha alisome. Mjukuu akaangalia, akacheka, akanieleza. Kila ukurasa wa intaneti una alama iliyofichwa, haionekani kwa macho, inayosema ukurasa huu ni wa lugha gani. Kiswahili alama yake ni herufi mbili tu, "sw". Aliyetengeneza ukurasa ule aliacha alama aliyoikuta, ya Kiingereza. Mashine ikatii. Ikamwita Mwingereza amsomee Kiswahili!

Herufi mbili, ndugu zangu. Kwa kukosa herufi mbili, ukurasa mzima uliogharimiwa fedha za umma unamfika asiyeona kama kelele. Wenye kurasa humu ndani, na mko, nawaombeni leo usiku kabla ya kulala, muulizeni fundi wenu: alama yetu ya lugha inasema nini?

Sasa nifike kwenye lililonikaa moyoni.

Kuna kijana mmoja wa Micheweni, haoni tangu kuzaliwa. Amesoma na chuo kikuu amemaliza. Ukimkuta na simu yake huwezi kufuata inachosema, maana ameizoesha kwenda kasi. Mimi nasikia mvua juu ya bati, yeye anasikia habari. Kijana huyu alikuwa anatafuta kazi. Likatoka tangazo, kazi ya taaluma yake, na watu wenye ulemavu wamehimizwa waombe. Wamehimizwa! Tangazo likasambazwa kwenye makundi yote ya simu. Lilikuwa vipi? Barua imechapwa, imetiwa sahihi, imepigwa muhuri, halafu imepigwa picha. Picha hiyo ndiyo iliyosambazwa.

Simu ya kijana ikamwambia nini? "Picha."

Ikamwambia "picha" mara tisa kwa siku mbili, maana watu wema tisa walimrushia. Akajibu kwa adabu, "Jamani, hiyo picha inasema nini?" Mmoja akamjibu kwa vikaragosi vya kucheka, na simu ikamsomea kikaragosi kimoja kimoja, uso unaotoa machozi ya furaha, uso unaotoa machozi ya furaha, uso unaotoa machozi ya furaha. Alipopata mtu wa kumsomea, siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa jana yake.

Zipo programu za kujaribu kusoma maneno yaliyomo kwenye picha, najua, kijana wa pale mbele ananitikisia kichwa. Zinasaidia. Lakini picha imepindika, muhuri wa buluu umekaa juu ya tarehe, kivuli cha kidole kimeziba namba ya simu. Unampa mtu fumbo ukamwambia umempa tangazo.

Kwani tangazo lile lilianza wapi? Lilianza kama maandishi! Kuna mtu alikaa kwenye kompyuta akaliandika kwa herufi. Herufi zilikuwapo. Tukazichapa, tukazipiga muhuri, tukazipiga picha, tukazizika. Muhuri tunautaka, nafahamu, watu wa hapa tusipoona muhuri hatuamini. Basi peleka picha yenye muhuri, na chini yake bandika maneno yenyewe. Sekunde ngapi hizo?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ni wa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 9 kimeutaja mpaka mtandao wa intaneti. Watu wa W3C, wanaoweka kanuni za kurasa duniani, walitoa mwongozo wao wa kwanza mwaka 1999, na jambo la kwanza kabisa walilolitaka ni hilo: kila picha iwe na maneno ya kuieleza. Mwaka 1999! Mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa.

Na saa je? Nitalisema hili halafu nipunguze ukali. Tunaandika "kliniki inafunguliwa 8:00 asubuhi", maana tumenakili kutoka karatasi ya Kiingereza. Jicho lako linajisahihisha lenyewe, unasema saa mbili. Mashine inasema "saa nane asubuhi". Saa nane asubuhi iko wapi? Mzee mmoja wa mtaani kwetu alisikia saa nane, akaona hiyo "asubuhi" ni makosa ya simu, akaenda saa nane mchana. Kafunga safari na kitambulisho chake mkononi, mlango umefungwa, mlinzi amelala. Andika "saa mbili asubuhi". Kwa maneno. Na 140/90 andika "mia moja arobaini kwa tisini". Na n.k. andika "na kadhalika". Na tafadhalini sana, tieni nukta. Wapo waandishi humu ambao sentensi yao Rehema anaianza Chake Chake anapata pumzi Mkoani. Na vichwa vya habari vifanywe vichwa kweli, kwa kile kibonyezo cha vichwa, si kwa kukoleza wino tu. Asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama nyie mnavyopitisha macho. Na viungo msiviite vyote "bonyeza hapa". Mashine ikimsomea orodha, anasikia bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa, kama konda wa daladala.

Masheikh wangu najua mna swali, nalijibu kabla halijaulizwa. Kurani msiisomeshe mashine hii. Haijui tajwidi, itavunja herufi na itavunja maana. Makarii wamerekodiwa, wako tele, sikilizeni hao. Hii ni ya habari, ya masomo, ya matangazo.

Na mtu mmoja alinambia nisiondoke bila ya kulitaja hili. Tieni vidude vya masikioni mkiwa njiani. Mimi nilikuwa kwenye boti natoka Unguja, nimeiacha simu isome kila kinachoingia. Ikaingia pensheni yangu ya mwezi. Rehema, kwa sauti yake nzuri, akawatangazia abiria wote kiasi nilichopata na salio nililobaki nalo. Abiria mmoja akanipa pole.

Nimalizie. Mlangoni pana meza, wamekaa vijana wawili, akiwamo mjukuu wangu. Mwenye simu na apite hapo, ataoneshwa wapi pa kubonyeza kwenye mipangilio. Mwenye kompyuta ya skuli aje na jina la skuli, NVDA itakwenda kutiwa bila ya malipo. Masheha njooni na matangazo yenu ya mwezi huu, tuyasikilize pamoja, tuone yanatamkikaje.

Na wewe ndugu mwenyekiti, nakushukuru kwa kunialika, na kwa heshima zote nina ombi moja. Barua ya kunialika kuja kuzungumza juu ya jambo hili mlinirushia kwenye simu. Ilikuwa picha. Ina muhuri mzuri sana, nimeambiwa. Mjukuu ndiye aliyenisomea tarehe, na saa iliandikwa 9:00, ndiyo maana nilikuja hapa jana saa tisa alasiri nikakuta ukumbi mtupu, kwa kuwa na tarehe nayo muhuri ulikuwa umekaa juu yake.

Ya mkutano ujao niandikieni kwa herufi. Assalaamu alaykum.